Ubavu wa Kulia

Shangazi Egidia aliufunga kwa kitenge, kisha kwa gazeti,
kisha kwa onyo: usimwonyeshe mtu ndani ya basi.
Ni fedha tupu huo upawa. Mzungu wa chai
alipofungasha virago, mwaka mmoja baada ya Uhuru,
alikuwa na deni la babu yako la miezi mitatu. Akampa huu.
Akamwambia: Venansi, hii inazidi mshahara.

Basi likaiacha Mufindi nyuma, ukungu ukiwa bado
umelala juu ya chai kama utando wa maziwa.

Tulikuwa tumeugombania mwaka mzima:
uuzwe, tuezeke bati upande wa jikoni;
ukae kabatini; ugawanywe
(baba mdogo huyo, ulanzi umemkolea, anatafuta msumeno).

Sonara Pragji, nyuma ya soko la Iringa,
ana lenzi anayoibana jichoni kama mtu anayezuia chozi.
Akaugeuza. Nyuma ya mpini, vyumba vinne vidogo,
kila chumba na herufi yake,
wapangaji wasiosalimiana.
Kando yao ngao, na ndani ya ngao
jina la mtu lililokatwa likabaki vichwa viwili.
Fundi wa Shefildi, alisema, mji wa moshi na visu.

Nikauliza: ndiyo sahihi ya fedha?
Akacheka bila kufungua mdomo.
Hizi ni herufi za kuungama.
Fedha ya kweli ya Waingereza hupigwa simba anayetembea.
Unaona simba?
Hii ni shaba nyeupe iliyoogeshwa fedha kwa umeme,
nguo ya Jumapili, nyembamba kama pumzi kwenye kioo.
Fundi hakudanganya. Ukweli aliuandika, ila kwa nyuma,
kwa herufi ndogo, kwa lugha ambayo babu yako hakuisoma.

Akataja bei. Nauli, na bati moja lisilotimia.

Nilishanyoosha mkono niuchukue, akasema: subiri.
Akaulaza kwenye mwanga wa mlango.
Tazama ukingo. Ubavu wa kulia umeliwa
kama mwezi wa siku ya ishirini.
Mkono wa kulia hula ubavu wa kushoto, siku zote.
Aliyekwangua vyungu na huu, miaka arobaini, hamsini,
alikuwa mashoto.
Babu yako alikuwa mashoto?

Babu Venansi alisalimia kwa kulia, alikula kwa kulia,
na dole gumba la kulia ndilo lililowekwa
kwenye daftari la kampuni, mbele ya neno Mpishi.
Picha yake tunayo: kanzu nyeupe, sinia, veranda.
Nyumbani sikuwahi kumwona akipuliza moto.

Shoto alikuwa bibi Skolastika.
Shule ya misheni waliufunga mkono huo kwa kamba ya katani
mpaka akaacha. Aliacha shule, si mkono.
Hakuna daftari lenye jina lake, wala picha.
Jiko la mzungu lilikuwa kule nyuma, mbali na nyumba, kwenye moshi,
na supu husifiwa mezani
kwa jina la aliyeibeba.

Nikabaki mlangoni mwa sonara na neno moja mdomoni:
kulia. Mkono wa kulia. Kulia chakula.
Na kule kulia kwingine, ambako bibi alisingizia kuni mbichi.

Nilirudi usiku. Shangazi hakunipa hata kiti:
ni fedha?
Nikasema, pitisha kidole.
Akapita kwenye vile vyumba vinne, hakusimama,
akashuka mpinini, akazunguka ukingo,
akafika pale palipoliwa. Kidole kikakaa.

Hakusema kitu. Aliusuuza kwa maji ya moto,
akafunua chungu, akatupakulia maharage
kwa mkono ambao tangu utoto wake
huwa anauficha mbele ya wageni.

Chumvi ilizidi kidogo. Tulikula.